Siku moja maishani mwangu: wazima kwanza, wagonjwa baadaye

Saa 11:30 alfajiri

Kabla ya kunawa uso natazama joto la maji. Tumefunga vipimajoto kwenye mwamba, na usomaji wao ndio unaonipa habari za siku. Matumbawe huanza kutaabika maji yakizidi kwa nyuzi 1 tu ya Selsiasi kile kiwango cha juu yalichozoea msimu wa joto. Hali hiyo ikidumu wiki kadhaa, huwatoa vimwani wanaoishi ndani ya nyama yao na kuwapa chakula, kisha hubaki meupe. Wengi huita huko kupauka ugonjwa wa kuambukiza, na sio. Ila tumbawe lililopauka lina njaa, na mwenye njaa hana nguvu ya kupambana na vimelea. Ndiyo maana baada ya joto hufuata maradhi. Mwezi Aprili 2024 lilitangazwa tukio la nne la kupauka kwa matumbawe duniani kote, na sisi tunaoshughulika na magonjwa ya viumbe wa baharini tulijua zamu yetu inakuja.

Leo joto limepanda kidogo. Najua ninachoenda kukikuta.

Saa 12:15 asubuhi

Mabwawa ya kasa. Ukutani kuna ubao wenye mpangilio ambao hakuna anayeruhusiwa kuupindua: kwanza waliopona, kisha wenye majeraha, halafu wale tusiojua wana nini, na mwisho wenye vivimbe. Kila kundi lina ndoo yake, brashi yake na wavu wake, vyote vimepakwa rangi tofauti ili mtu asipate kisingizio. Ukishaingiza mkono bwawa la mwisho, huruhusiwi kurudi la kwanza siku hiyo.

Kijana wa mafunzo ananiuliza, "Dada, kwani yote si maji ya chumvi? Chumvi haiui vijidudu?"

"Baharini ndiko walikougulia," namjibu. "Chumvi ingekuwa dawa, tusingekuwa na kazi."

Anacheka, kisha anabadilisha brashi.

Kulisha, kupima, kusafisha. Hakuna cha kusimulia hapo.

Saa 2:00 asubuhi

Boti inatoka. Kanuni ni ileile: tunazamia kwanza kwenye mwamba mzima. Dakika arobaini za kuogelea polepole kando ya kamba ya kupimia, napiga picha na kuandika kwenye ubao wa plastiki. Watu hudhani kazi ya magonjwa ni kutazama vidonda, kumbe sehemu kubwa ni kutazama afya mpaka uizoee. Kovu la meno ya samaki kasuku, kwa mfano, linafanana sana na kidonda kwa mtu asiyejua. Samaki huacha mikwaruzo yenye umbo, na mfupa mweupe wa tumbawe unakuwa umechimbika. Ugonjwa huacha mfupa ukiwa mzima, nyama tu ndiyo inayotoweka.

Leo pia kuna vipande vya nyavu na mifuko. Tunavitoa, na si kwa ajili ya urembo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliohusisha miamba 159 ya Asia na Pasifiki, ulionyesha kwamba uwezekano wa tumbawe kuugua hupanda kutoka asilimia 4 hadi 89 likigusana na plastiki. Plastiki hukwaruza nyama, huziba mwanga na hewa, na huenda pia hubeba vijidudu.

Saa 3:30 asubuhi

Mwamba wa pili, wenye wagonjwa. Ugonjwa wa utepe mweusi upo, kama nilivyotarajia.

Ni mstari mweusi, mwembamba, unaozunguka tumbawe. Mbele yake nyama hai, nyuma yake mfupa mtupu. Ukiuangalia kwa hadubini unakuta jamii nzima ya viumbe: sianobakteria, yaani bakteria wanaotumia mwanga kama mimea, waliosokotana kama nyuzi, na chini yao bakteria wanaotengeneza salfaidi, ile hewa inayonuka mayai viza. Chini ya utepe hakuna oksijeni, kuna sumu tu, na polipu, wale wanyama wadogo wanaounda tumbawe, hufia humo. Utepe unaweza kusogea hadi sentimita 1 kwa siku. Sasa fikiria kwamba matumbawe mengi ya umbo la jiwe hukua takriban sentimita 1 kwa mwaka. Kazi ya mwaka mzima inaliwa kati ya jua kuchomoza na jua kuchomoza tena.

Tiba yetu haina umaridadi. Ninaunyonya utepe kwa bomba la sindano, mwenzangu anaziba ukingo kwa gundi ya epoksi inayogandia ndani ya maji. Vyote vilivyonyonywa vinaingia kwenye mfuko unaofungwa, maana ukiviachia majini umeshapanda mbegu kwa jirani. Nafanya matumbawe matano, nayaacha mengine. Kuchagua ndiko kugumu. Tunayapa kipaumbele makubwa, kwa sababu ndiyo yanayotoa mayai mengi.

Ukweli ni kwamba tunatibu vidonda tu. Ugonjwa ulioonekana mwaka 2014 karibu na Miami, ule unaopukutisha nyama ya matumbawe magumu, umeshambulia zaidi ya spishi 20 na kusambaa sehemu kubwa ya Karibi. Wazamiaji wa huko hupaka kidonda dawa ya amoksilini iliyochanganywa na mafuta mazito ili isioshwe na maji. Kidonda kilichopakwa mara nyingi husimama. Lakini kesho yake kingine kinaweza kuzuka upande wa pili wa tumbawe hilohilo.

Saa 5:30 asubuhi

Kuosha vifaa. Suti, mapezi, mikanda, kamera, hadi kamba ya kupimia, vyote ndani ya pipa la dawa, kisha maji safi, kisha jua. Saa nzima inaishia hapo, na wageni wanaotutembelea hukiona kipindi hiki kama upotevu wa muda. Mimi naona ndiyo tiba yenye uhakika kuliko zote ninazotoa kwa siku.

Saa 7:00 mchana

Chumba cha upasuaji. Mgonjwa ni kasa wa kijani, bado mdogo, amejaa vivimbe kama koliflawa: shingoni, kwapani mwa mapezi, na kimoja kimefunika jicho la kushoto lote. Huu ni ugonjwa wa fibropapiloma. Uliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1938, na unahusishwa na kirusi cha jamii ya herpes, wale waletao malengelenge kwa binadamu. Kasa wengi hubeba kirusi hicho bila kuota chochote, kwa hiyo kirusi peke yake hakitoshi kueleza kila kitu. Ubora wa maji ya pwani ni mshukiwa mkubwa. Ruba wa baharini nao wanashukiwa kukibeba kutoka kasa mmoja hadi mwingine, ndiyo sababu kila kasa anayeingia hapa huchambuliwa ruba kabla ya kingine chochote.

Kabla ya kisu, picha za eksirei na kamera ndogo ya ndani. Vivimbe vikiwa mapafuni au kwenye figo, hatumpasui, tunamlaza asiamke. Siku kama hizo zipo na sitazieleza hapa. Wa leo ni msafi ndani.

Dawa ya usingizi inapitia mshipa wa shingo. Kasa akilala husahau kupumua, hivyo mashine inampulizia, na kifaa cha kusikilizia mapigo kinatoa mdundo wa polepole ambao daktari mgeni huweza kuuchukulia kuwa ni kifo. Moyo wa kasa hauna haraka. Daktari anaanza na jicho, kwa sababu kasa asiyeona hawezi kula. Leza inakata huku ikifunga mishipa, damu ni kidogo, ila moshi ni mwingi na lazima uvutwe na mashine. Vivimbe vya shingo vinatolewa leo, vya mapezi vitasubiri awamu nyingine. Na vinaweza kurudi, kwa hiyo atakaa nasi miezi mingi kabla ya kuachiwa.

Swali ninaloulizwa kuliko yote: unaambukiza watu? Hakuna mtu aliyethibitika kuupata. Glavu zetu ni kwa ajili ya kasa wanaofuata.

Saa 10:00 jioni

Mzoga wa kasa ndio wa mwisho, baada ya kila kilicho hai. Huu uliletwa jana ukiwa kwenye barafu, na nilishukuru, maana watu wema mara nyingi huugandisha, na kugandisha hupasua seli, hadubini haioni tena kitu cha maana.

Ndani ya moyo na mishipa mikubwa nakuta minyoo bapa wa damu, jamaa wa karibu wa wale wanaoleta kichocho kwa binadamu. Hata hawa hupitia kwa konokono, wa baharini. Mnyoo wenyewe si tatizo kubwa kama mayai yake, ambayo husafiri na damu na kukwama kila mahali, hadi kwenye ubongo. Nakata vipande vidogo vya wengu, ini na ubongo, naviweka kwenye formalini, dawa ya kuvihifadhi. Chumba kinanuka, mgongo unauma, na fomu ina kurasa saba.

Saa 2:00 usiku

Simu ya mvuvi. Kasa anaelea, upande mmoja umeinuka, hawezi kuzama.

"Nimrudishe majini, dada?"

Hapana, mzee. Mweke kivulini, kitambaa kilicholowa juu ya gamba, puani pawe wazi. Usimtie kwenye pipa la maji, aliyedhoofika huweza kuzama humo. Usimpe chakula. Tunakuja.

Nafuta ubao na kuandika upya. Usiku huu atapimwa damu na mapigo, kisha aingie bwawa la wasiojulikana, na kesho atahudumiwa baada ya wenye majeraha. Kijana wa mafunzo ameshatoa ndoo ya njano bila kuambiwa.

Natafuta funguo za gari.