Nilivyochagua springi za kunyanyulia Land Cruiser yangu

“Mwanangu, gari lako lina uzito gani?”

Nilikuwa nimefika kwa mzee mmoja fundi, gereji yake ipo Unga Limited hapa Arusha, nikiwa na karatasi ya bei za springi kutoka maduka matatu. Nilijiandaa kuulizwa nataka inchi ngapi, nataka za kampuni gani, nina bajeti ya shilingi ngapi. Uzito sikuwa nao. Nikamwambia kweli: “Sijui, mzee.” Akaikunja karatasi yangu, akanirudishia. “Nenda mizani kwanza. Ukirudi na namba tutaongea.”

Naandika haya kwa ajili ya mwenye gari la porini anayefikiria kulinyanyua, kwa sababu mimi nilianza kwa kukosea, na kosa lenyewe lilinilaza njiani na wenzangu wawili.

Kazi yangu ni kutengeneza pampu za visima vijijini, hasa wilaya ya Longido. Gari ni Land Cruiser 80 ya mwaka 1996, injini ya dizeli ya 1HZ, springi za koili mbele na nyuma, ekseli nzima mbele na nyuma, yaani chuma kimoja kinachounganisha gurudumu la kushoto na la kulia. Kutoka Arusha mpaka Longido mjini ni lami ileile iendayo Namanga. Ukiiacha lami kuelekea Kitumbeine na Gelai, hapo ndipo gari linapoulizwa maswali. Kiangazi ni rasta, yale matuta madogomadogo yaliyopangana njiani, kilomita baada ya kilomita, meno yanagongana. Masika ni udongo mweusi na makorongo ambayo jana hayakuwepo.

Springi za zamani zilikuwa zimechoka. Nikipakia, nyuma inakaa chini, na kila nikitoka korongoni ndoano ya kuvutia inalima ardhi. Nikaenda gereji moja, si ya huyu mzee, wakanishauri spesa: vipande vya plastiki ngumu vya sm 4 vinavyowekwa juu ya springi zilezile, na shokapu zinabaki zilezile. Kazi ya nusu siku, bei ndogo. Nilipolitazama limesimama pale uwanjani nilifurahi kweli, lilikuwa na umbo la gari jipya.

Safari ya tatu, tukirudi kutoka Gelai jioni, nikaanza kusikia ngo! ngo! nyuma kushoto. Nikadhani ni bomba limelegea kwenye keria. Hatukufika mbali, gari likaanza kuyumba kama mtumbwi. Kushuka kutazama, jicho la chini la shokapu limekatika, shokapu yenyewe inaning'inia, mafuta yanachuruzika hadi kwenye rimu. Giza likatukuta hapo. Asubuhi tulitambaa mpaka lami kwa mwendo wa mtu anayekimbia taratibu.

Baadaye nilielewa. Spesa ilikuwa imeinua bodi sm 4, lakini shokapu ilibaki na urefu wake wa kiwandani. Kila tairi likidondoka shimoni, shokapu ilikuwa inafika mwisho wake kabla ya springi kumaliza kunyooka, na uzito wote wa ekseli unaning'inia kwenye kile kijicho cha chuma. Ukipiga rasta za siku tatu, kijicho kinagongwa maelfu ya mara. Tena springi iliyochoka haikupona kwa kuwekewa kofia. Iliendelea kulala vilevile ikipakiwa.

Basi nikaenda mizani. Nilitumia mizani ya ghala la nafaka, ile wanayopimia malori ya mahindi. Kijana wa pale alinielewa haraka: kwanza magurudumu ya mbele peke yake, kisha gari zima. Ukitoa ya kwanza kwenye ya pili unapata nyuma. Nikapima mara tatu. Gari tupu: kilo 2,220, mbele 1,150 na nyuma 1,070. Gari la kila siku, yaani mimi, vyombo, jenereta na madumu ya maji: 2,520, mbele 1,200 na nyuma 1,320. Gari la safari kamili, na wenzangu wawili, mabomba 12 na vipuri vya pampu: 2,840, mbele 1,260 na nyuma 1,580.

Nilikaa nazitazama zile namba kwenye kiti cha dereva. Mbele palikuwa pameongezeka kilo 110 tu. Nyuma pameongezeka 510. Nusu tani! Na nilikuwa nimeweka spesa za aina moja pande zote.

Mzee alipoziona alichukua tepu, akanionyesha jinsi ya kupima kimo. Usipime kutoka chini mpaka kwenye madigadi, kwa sababu upepo wa tairi na kuisha kwa tairi vinabadilisha namba. Pima kutoka katikati ya gurudumu kwenda juu mpaka ukingo wa madigadi. Tukapima tupu, tukapakia mzigo wote wa safari, tukapima tena. Nyuma ilishuka sm 9. Kulia ilikuwa chini kuliko kushoto kwa zaidi ya sm 1 hata likiwa tupu, upande ninaokaa mimi miaka yote hii.

Tukaanza kubishana kuhusu inchi. Mimi nilitaka 4. Nilikuwa nimeona magari yaliyonyanyuliwa hivyo na moyo wangu ulikuwa huko. Yeye akaniita, “Njoo ulale hapa,” akatandika boksi chini ya gari. Akagusa difu ya nyuma, lile donge la gia katikati ya ekseli. “Hiki ndicho kinachogonga mawe. Ukiweka springi ndefu, hiki kinapanda?”

Hakipandi. Kwenye gari la ekseli nzima, difu imekaa kwenye ekseli na ekseli imebebwa na matairi. Springi inainua bodi na chesisi tu. Kitu pekee kinachoinua difu ni tairi kubwa zaidi. Matairi yangu yalikuwa 275/70R16, kimo chake kama mm 791. Ukienda 285/75R16 unapata kama mm 834. Tofauti ni mm 43, na nusu yake ndiyo inayokwenda chini ya difu: sm 2 na kidogo. Zile inchi 4 nilizoziota zingeniletea bodi ndefu juu ya difu ileile.

Halafu akatazama keria. Mabomba ya India Mark II, pampu za mkono za visima, ni ya chuma, urefu mita 3 kila moja, na kipenyo changu cha kawaida cha inchi moja na robo kina uzito wa zaidi ya kilo 9 kwa bomba. Kumi na mawili ni kilo 110 na ushee, na hayaingii ndani, lazima yakae juu. Pale Kitumbeine kuna sehemu njia imekatwa ubavuni mwa mlima na gari linapita limelala upande. Kila mara tukifika hapo wenzangu wanashuka bila kuambiwa. Kulinyanyua gari inchi 4 na kulitwisha chuma kichwani, kisha kulipitisha pale, ni kutafuta msiba. Tukakubaliana inchi 2, yaani mm 50. Inatosha kuingiza tairi kubwa, inatosha kuinua pua na mkia wa gari utokapo korongoni, na ekseli inapata nafasi ya kupanda na kushuka.

Ugumu wa springi ndio ulionichukua siku nyingi. Madukani kwa gari langu walikuwa na Old Man Emu na Ironman, zote za Australia, na zote wanaziuza kwa kufuata mzigo: springi ya gari tupu, springi ya mzigo wa wastani, springi ya mzigo mzito wa kudumu. Nilishajiambia nachukua nzito, kwa kuwa nina nusu tani. Mzee akauliza hiyo nusu tani naibeba siku ngapi kwa mwezi. Nikahesabu: siku nane, labda kumi. Siku nyingine zote nyuma nina nyongeza ya kilo 250 tu. Springi nzito ikikosa mzigo wake haifanyi kazi ya springi, inakuwa gogo. Tairi linaruka juu ya rasta badala ya kuzifuata, gari linateleza kwenye kona ya vumbi, na mama watoto akipanda Jumapili analalamika mgongo. Hapo nilibadili mawazo. Nikachukua za wastani kwa nyuma, na ndani ya kila koili tukaingiza mpira wa hewa, ule wa kujazwa kwa pampu ya matairi. Siku za kawaida naweka upepo 5. Nikipakia mabomba naweka 20. Mbele nilichukua springi za gari lenye bampa ya chuma, maana ninayo.

Kama kuna neno moja ningependa msomaji aondoke nalo ni hili: springi inunuliwe kwa mzigo wa kila siku. Mzigo wa mara mojamoja utafutiwe msaada mwingine.

Shokapu nilitaka zinazostahimili joto. Rasta ndefu inaichemsha shokapu, mafuta yanachanganyika na hewa, yanakuwa povu, na povu halizuii kitu. Nilichagua zenye mrija mnene na sponji ndani badala ya gesi, urefu wake ukiwa umeongezwa kulingana na mm 50 za springi. Nisisitize hapo kwenye urefu, nimeshasimulia kilichonipata.

Springi, shokapu, bushi (zile raba za kwenye viungo vya ekseli) na mipira ya hewa vilifika karibu shilingi milioni 4. Ni pesa nyingi kwangu. Nililipa kwa awamu mbili.

Siku ya kufunga nilishinda pale pale gerejini, na nashauri ushinde. Springi mbili za mbele zilionekana mapacha, lakini mzee alizisimamisha pamoja sakafuni, moja ikapita nyingine kwa upana wa kidole. Ndefu ikaenda upande wa dereva. Boliti za bushi hakuzikaza gari likiwa juu ya jeki. Aliziacha zikiwa zimelegea, akalishusha likasimama kwa magurudumu yake, akalitikisa, ndipo akakaza. Ukikaza ekseli ikiwa inaning'inia, raba inabaki imejikunja siku zote gari likiwa chini, na inachanika mapema.

Kisha akalinyanyua tena kwa chesisi, ekseli ya nyuma ikashuka mpaka mwisho. Akaniita nishike hosi ya breki. Ilikuwa imetanuka kama kamba ya ndoo iliyofika majini. Kishimo kimoja kikubwa zaidi na ingechomoka. Tukaweka hosi ndefu mbele na nyuma kabla gari halijatoka. Na kuna kitu ambacho nisingekijua kamwe: kwenye ekseli ya nyuma kuna vali ya breki inayopima mzigo kwa kutazama umbali kati ya ekseli na chesisi. Gari likinyanyuliwa, ile vali inadhani gari ni tupu, inapunguza nguvu ya breki za nyuma, nawe umebeba nusu tani. Akarekebisha fimbo yake mpaka ikarudi kwenye mkao wa zamani.

Tulipolijaribu barabara ya Namanga nikahisi usukani umelegea moyo. Nikikata kona haujirudishi wenyewe, na kwenye mwendo wa 80 gari linatangatanga njia nzima. Springi ndefu za mbele zinaizungusha ekseli, na ile pembe ya kasta inayoufanya usukani ujirudie inapungua. Kwenye mashine ya alaimenti ilisoma nyuzi 1 na kidogo, ilhali kabla ilikuwa 3. Bushi za kasta zenye tundu lililo pembeni zilikuwa tayari kwenye boksi, mzee alitaka nihisi tofauti kwanza. Zilipoingia, usukani ukarudi kuwa wangu. Ekseli ya mbele nayo ilikuwa imesogea pembeni mm 8 hivi, kwa sababu fimbo inayoishikilia isiende kushoto wala kulia ina urefu uleule. Kwa mm 50 tuliiacha. Taa tuliziinamisha usiku uleule, zilikuwa zinawapiga machoni wanaokuja.

Spidi nayo sasa inadanganya kwa sababu ya matairi. Ikisoma 100, ninakimbia 105. Matrafiki hawajali sababu.

Safari ya kwanza na mzigo kamili tulikwenda Gelai kwa njia ileile. Baada ya rasta ndefu nilisimama, nikagusa kila shokapu kwa mgongo wa mkono. Zote nne zilikuwa na moto unaolingana, na hicho ndicho nilichotaka kujua, kwa kuwa inayobaki baridi ni ile isiyofanya kazi. Korongoni ndoano haikugusa ardhi. Pale ubavuni Kitumbeine wenzangu walishuka kama kawaida yao, na sikuwazuia.

Miezi mitatu baadaye nilipima tena kwa tepu. Springi zilikuwa zimetulia, mbele sm 1, nyuma chini kidogo ya hapo, kushoto na kulia sawasawa. Namba hizo nimeziandika kwa kalamu ya wino ndani ya mfuniko wa boksi la vyombo, chini ya zile za mizani.