Nilivyompeleka babu jirani kufanyiwa macho (kwa mbinu ya bao)

Wadau leo naandika kwa hasira kidogo na kwa kujisifu pia, mtanisamehe. Hapa mtaani kwetu Chumbageni, Tanga, kuna babu aliingiwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, anaongozwa na mjukuu wake wa kike wa darasa la nne, msikitini yeye, barazani yeye, shule anaenda akipata nafasi. Hiyo ndo iliyoniuma.

Sasa washauri! Mmoja asali, mwingine maziwa ya mama anayenyonyesha, mwingine eti subirini mpaka liive. Hakuna cha kuiva siku hizi, mtu akishindwa kufanya mambo yake kwa kutoona anafanyiwa upasuaji, likikaa sana ndo linakuwa gumu. Acheni kutia vitu kwenye jicho la mtu jamani.

Babu hospitali hataki kusikia, mi nikaanza kwa maneno. Nikambembeleza weee, nikamletea mpaka nesi ninayefahamiana naye. Babu akamsikiliza kwa adabu, akamkaribisha chai, halafu akasema, "Mwanangu, wanalichomoa jicho wanalisafisha kwenye sahani, wakilirudisha kichwa chini je?" Nesi kacheka mpaka kasahau alichojia.

Nikakumbuka babu ni mtu wa bao, hata alivyokuwa haoni alicheza kwa kupapasa kete. Nikamtafuta mzee mmoja wa Ngamiani aliyeshafanyiwa, nikamwambia shikamoo mzee wangu, habari ya hospitali usiitaje kabisa, we mfunge tu. Yule mzee mchokozi sijapata kuona! Kila akicheza anatangaza, "hapo kwenye kona una mbili, nazila", "sheikh toa mkono, hiyo nyumba yangu hiyo". Babu kaliwa nyumba, lile shimo lake kuu, bado wako kwenye namu, yaani mwanzo wa mchezo. Akawaka, "We na umri huo unaonaje vyote hivyo?" Mwenzie akamjibu polepole, "Mi mwaka juzi nilikuwa hata bao lenyewe silioni." Nikanyanyuka nikaenda kuagiza kahawa, nikawaacha. Kabla ya magharibi babu ananiuliza bajaji mpaka hospitali shilingi ngapi.

Huko hata saa haikuisha, ganzi tu, yuko macho anasikia kila kitu, wanatoa lenzi yenye ukungu wanaweka ya plastiki. Kesho yake bandeji inatolewa, ananitazama, "Sauti yote ile kumbe mkonda hivi?" Ndo shukrani yangu hiyo. Bajaji, chai, dawa ya matone, vilinitoka kama elfu thelathini arobaini, sikuandika. Matone yana ratiba, tegesheni alamu kwenye simu, na asilisugue jicho.

La pili bado, tumepewa tarehe. Binti yuko shule kila siku, juzi kanijia dukani kununua daftari, kaniambia babu ndo anamsahihisha mwandiko.

Mwenye mzee aliyegoma aseme, nitamuuliza yule wa Ngamiani kama ana nafasi. Malipo yake kahawa na kashata, na usimshindishe kwa kumhurumia, anajua.