Mzee Niliyeona Haya Kumpima

Mwaka jana, katika zahanati binafsi ninayofanyia kazi hapa Moshi, nilimtibu mzee mmoja mara tatu kwa homa na kikohozi kisichokwisha, na mara zote tatu nilimwandikia kipimo cha malaria, kipimo cha mkojo na dawa za kuua bakteria bila kumgusia habari ya VVU hata kwa neno moja. Ni mzee wa kanisa, rika la baba yangu, na kila alipoingia nilimwamkia kabla hajaketi. Baada ya shikamoo, ulimi wangu ulikuwa mzito kuuliza lolote linalohusu mambo yake ya ndani. Mara ya nne alivua shati, nikaona malengelenge yamejipanga upande mmoja wa mbavu zake: mkanda wa jeshi, ugonjwa wa ngozi unaoweza kuashiria VVU.

Tunapozungumzia kwa nini vipimo vya haraka vya VVU havitolewi kwa wagonjwa wa kawaida, huwa tunaanza kuwalaumu wagonjwa kwamba wanaogopa na watakataa. Kwa niliyoyaona, wanaokataa ni wachache kuliko wale ambao hatukuwauliza kabisa. Utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 ulionyesha kwamba kati ya watu wazima wanaoishi na VVU nchini, karibu asilimia 83 walijua hali zao, na kati ya hao waliojua, karibu asilimia 98 walikuwa tayari wanatumia dawa. Pengo kubwa liko kwenye kupima, na kupima kunaanzia mezani kwangu.

Muda nao hutajwa sana. Tone la damu ya kidole na kungoja kama dakika 20 si kazi kubwa, maana mgonjwa anakaa kwenye benchi muda huohuo akisubiri majibu ya mkojo. Ugumu unakuja mistari miwili inapotokea, yaani kipimo kinapoonyesha VVU, kwa kuwa sharti kipimo cha aina nyingine kithibitishe kabla ya kumwambia mgonjwa jibu, kisha ukae naye mpaka atulie na aelewe pa kuanzia, huku nje wamejaa wagonjwa na anayewaona wote ni wewe peke yako. Kwetu nusu saa hiyo hailipwi na mtu yeyote, na nadhani hilo ndilo wenye zahanati wanalolikwepa kulisema.

Kisha kuna suala la chumba. Tulikuwa tukipimia katika chumba cha mwisho wa korido, na kila aliyeelekezwa huko akiwa na kikaratasi mkononi alijulikana anakwenda kufanya nini. Mji wetu si mkubwa, na anayetoka Pasua hakosi kumkuta jirani yake kwenye benchi. Sasa trei yenye vitepe vya kupimia, lanseti za kutobolea kidole na pamba iko mezani kwangu, isipokuwa siku za joto kali za Februari, ambapo tunavihifadhi penye ubaridi kwa sababu havitakiwi kukaa kwenye joto linalozidi nyuzi 30.

Wapo wenzangu wanaodhani njia rahisi ni kuchanganya kipimo hiki na vingine bila kumwambia mgonjwa. Sikubaliani nao hata kidogo. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inataka ridhaa, na mtu aliyepimwa kwa kufichwa hatamwamini tena daktari, hata akimwandikia dawa ya minyoo.

Yule mzee nilimwambia kwamba ugonjwa wa ngozi wa namna ile unanilazimu kumwomba tupime VVU. Alinyoosha kidole kabla sijamaliza. Majibu ya vipimo vyote viwili yalipotoka alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akaniuliza, “Mwanangu, kumbe siku zote hizo ulikuwa unaniogopa?” Nilimwomba radhi.

Dawa anazifuata Arusha, karibu kilomita 80, kwa sababu hataki kuonekana kwenye kliniki ya hapa mjini. Mkewe alikuja Jumatatu iliyofuata. Nilimwamkia, akaketi, nikaivuta trei karibu.