Tulivyopata hesabu za wakfu bila kumvunjia mzee heshima

Nikitaja tulivyokosa hesabu za wakfu wa msikiti wetu hapa Mji Mkongwe, napewa ushauri wa namna mbili: mshitakini mutawali, yaani msimamizi wa wakfu, au mwacheni, atajibu kwa Mola wake. Huu wa pili unaniudhi zaidi. Atajibu, naam, lakini paa linavuja leo, na watoto wa chuo cha Kurani walioandikiwa haki yao wako hai leo.

Mali yenyewe ni maduka mawili na shamba la minazi, aliyoyaweka bibi mmoja zamani. Mutawali ni mzee wa mtaa, sote twamwita Ami. Hakuwa mwizi, nalisema kwa kinywa kipana. Kilichotumaliza ni muhali, ile haya ya kumkatalia mtu wa karibu. Mpangaji mmoja ni mkwewe, kodi haijapanda miaka na miaka, na mkwezi akijilipa kwa nazi hakuna anayehesabu.

Vijana wa kamati wakaandika barua yenye muhuri: mapato na matumizi yaletwe ndani ya siku saba. Niliwakataza, hawakusikia. Barua ikamkuta Ami barazani, kikombe cha kahawa mkononi, wazee wenzake wamemzunguka. Akaisoma, akaikunja, akasema, "Leo mmenivua nguo." Akahamia msikiti wa mtaa wa pili, na wazee wakamfuata, safu yetu ya mbele ikabaki na mapengo. Waliokuwa wakinung'unikia kodi ndio waliotangulia kumtetea.

Mimi nilikwenda kwake baada ya isha, pamoja na mke wangu. Hesabu sikuitaja. "Ami," nikamwambia, "tunataka kumsomea hitma bibi aliyeweka wakfu, na hati isomwe kwanza, watu wamjue wanayemwombea." Alifungua sanduku mwenyewe. Hati ni ya Kiarabu, maalimu akaifasiri. Nikamwomba Ami jambo moja zaidi: kila sharti likisomwa, aeleze lilivyotekelezwa mwaka huo, maana hizo ndizo thawabu za marehemu. Alikubali kwa furaha, na siku ya hitma alikuja na karatasi zake zimepangwa.

Sharti la kwanza, matengenezo. La pili, taa za msikiti. Kisha likaja la maduka: yakodishwe kwa kodi inayolingana na wakati. Ami akaitaja kodi, kwa sauti ndogo. Mkwewe alikuwa amekaa hapo hapo mkekani, na hakuna aliyegeuka kumtazama. Wiki ile ile alikuja mwenyewe kuongeza, tena karibu mara tatu. Kumwonea muhali mkwe kuna nguvu, lakini kumwonea muhali marehemu aliyetoa mali yake kuna nguvu zaidi, na huo ndio tuliouegemea.

Ami naye tumempangia fungu linalojulikana. Sayyidna Umar alipoweka wakfu ardhi yake ya Khaybar aliruhusu msimamizi ale kwa wema, bila kujilimbikizia. Kumtaka mzee ahangaike bure ni kumtafutia fitina. Usimamizi Umar alimwachia bintiye Hafsa, kwa hiyo daftari letu analishika mama mmoja wa chuo, na mkwezi sasa anahesabu nazi mbele yake. Nakala ya hati pelekeni Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Sanduku likiliwa na mchwa hamna pa kushika.

Paa limeezekwa, na Ami amerudi safu ya mbele. Duka la pili bado linalipa kodi ya kale. Hitma ijayo ni Shaaban, na sharti lake litasomwa tena.