Ndama Aliyelifuata Gari Letu Ndutu

Mpiga picha alikuwa ametukataza kupumua. Utani, lakini si sana. Lenzi yake ilikuwa ya milimita 1000, na kwa lenzi ya namna hiyo mtu akijikuna goti kwenye kiti cha nyuma, nyumbu aliye mbali kabisa anarukaruka kwenye skrini. Kwa hiyo Februari ile ya 2017 kazi yetu kubwa ilikuwa kukaa. Injini imezimwa, vioo vimeshushwa, nzi anakutambaa shavuni na unamwacha. Hata biskuti haifunguliwi, maana ile karatasi ina kelele.

Mimi nilikuwa dereva. Watu wakiangalia filamu za wanyama hudhani mwenye kazi ni yule mwenye kamera. Sawa, lakini nani kamwambia ni jike lipi limekaribia kuzaa? Nani kaliweka gari upande ambao jua la saa tatu halitamchoma machoni, wala gari lenyewe halitamkatia fisi njia? Jina la dereva lipo, linapita mwishoni kwa maandishi madogo, watu wakiwa wameshabadilisha chaneli.

Tulikuwa upande wa Ngorongoro, kwenye mbuga za Ndutu, ambako msimu ule gari linaruhusiwa kuacha barabara. Ukivuka mpaka kuingia Serengeti ukafanya hivyo bila kibali, umejitafutia mwenyewe. Nyasi za pale ni fupi, zimeota juu ya majivu ya volkano, na madini yake ndiyo yanayowaleta nyumbu kuzaa. Kwa wiki tatu hivi majike karibu yote yanazaa kwa pamoja, tena mengi asubuhi kabla ya saa sita. Fisi wanashiba mpaka ndama anapita mbele yao na hawainuki. Ndama naye hana muda wa kupoteza: anatua chini, anainua makalio kwanza, anaanguka kifudifudi, anajaribu tena, na dakika chache baadaye anakimbia sambamba na mama yake. Nimeliona hilo mara nyingi na bado huwa najikuta namwambia kimoyomoyo, haya, simama.

Siku ninayoikumbuka ilianza vizuri kwa wenye filamu. Fisi wawili waliingia kundini, kundi likatimka, vumbi likapanda. Kamera ya mwendo wa taratibu ina ujanja mmoja: inahifadhi sekunde zilizokwisha kupita, kwa hiyo mpiga picha anabonyeza baada ya tukio na bado analipata. Akabonyeza. Akageuka na kidole gumba juu. Walipata walichokifuata kutoka Ulaya.

Vumbi lilipotulia kundi lilikuwa limeshafika mbali, na ndama mmoja amebaki. Madereva wa huku tunajua kinachofuata. Ndama wa nyumbu aliyepotewa na mama hufuata chochote kikubwa kinachotembea. Wamewahi kuonekana wakimfuata simba. Huyu akatuona sisi.

Alikuja moja kwa moja, miguu mirefu, rangi ya kahawia iliyopauka, uso mweusi, kitovu kinaning'inia kibichi. Akanusa tairi la mbele. Kisha akapitisha pua chini ya bampa, akawa anasukuma kwa kichwa namna wanavyosukuma kiwele. Anatafuta chuchu. Akalia mara mbili, mlio wa pili ukamkwama kooni. Ile lenzi ya bei ya nyumba haikuweza kumpiga, maana alikuwa karibu mno. Mtu wa sauti tu ndiye aliyetoa maikrofoni dirishani taratibu, akarekodi.

Kiongozi wa msafara akasema tuondoke, sheria yao ni kutoingilia. Nikawasha. Ndama akakimbia ubavuni mwa gari. Nikasimama, naye akasimama. Nikamgeukia askari wa hifadhi aliyekuwa pamoja nasi.

"Afande, tunafanyaje?"

"Huyu hajamfuata fisi, kafuata gari," akasema. "Ukienda kambini atakuja nawe kambini. Mrudishe kwa wenzake, kijana. Polepole."

Yule kiongozi aliposikia tafsiri alinyamaza, akatazama saa yake, akaitikia kwa kichwa. Nikaweka gia ya kwanza. Kwa mwendo ule ingekuwa heri kutembea kwa miguu, na kila nikitazama kioo cha pembeni yupo, mdomo wazi. Nilizunguka ili tusiwatokee nyumbu kwa ghafla, nikazima injini wakiwa wametuzunguka pande mbili.

Alikwenda kwa jike la kwanza, likamnusa likampiga kichwa. La pili hivyohivyo. Jike la nyumbu hunyonyesha mwanawe tu, na harufu ndiyo kitambulisho. La tatu lilimsogeza kando bila hata kuacha kula. Kisha kundi likasogea mbele yetu, ndama ni mamia na wote wanafanana, nikampoteza. Mtu wa sauti akaniuliza kama amempata mama yake. Nikamwambia sikuona. Hakuna aliyeongea mpaka chakula cha mchana.

Mwaka uliofuata kulikuwa na mjadala mkubwa duniani kwa sababu watu wa BBC kule Antaktika walichimba njia kwenye barafu ili ngwini walionasa bondeni wapande kutoka. Wengine walisema wamevunja mwiko wa kazi. Mimi sikuona la kujadili. Penye gari na watu, hao watu tayari wamo ndani ya habari, wapende wasipende.

Filamu yetu ilipotoka tuliikalia sebuleni na familia. Ikafika sehemu ya ndama aliyepotea. Aliyeonekana hakuwa wetu: alikuwa mkubwa zaidi, kitovu kimeshakauka, kapigwa kutoka mbali. Maikrofoni haifiki kule lenzi inakofika, kwa hiyo sauti nyingi za filamu hizi hurekodiwa kwingine na kupachikwa. Yule ndama akafungua mdomo, nikasikia mlio, kisha wa pili uliokwama kooni. Nikamwambia mke wangu, huyo ndiye.

Kwenye filamu alimpata mama yake ndani ya nusu dakika. Binti yangu akapiga makofi. Nikamweleza kwamba wa kwenye picha siye, sauti tu ndiyo yake.

"Sasa mwenye sauti, baba, alimpata?"

Mama yake akamwambia apunguze maswali, wali unapoa.