Dhahabu mbili kwa usiku mmoja

Mwezi wa saba 2024 nilikuwa zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee hapa Toulouse, Ufaransa. Kwa kawaida saa tatu wote wamelala. Tarehe 31 bibi mmoja wa miaka 91 alikataa katakata kupelekwa chumbani. "Mtoto wa hapa anaogelea," akaniambia, akanionyesha kiti kando yake.

Mtoto mwenyewe ni Léon Marchand, miaka 22, mzaliwa wa Toulouse. Usiku ule kwenye Olimpiki ya Paris alikuwa na fainali mbili za kuogelea mita 200, mtindo wa kipepeo kisha wa chura, na kati yake hazitimii saa mbili. Kipepeo peke yake humwacha mtu mabega yamekufa.

Kristóf Milák wa Hungaria, mwenye rekodi ya dunia, aliongoza hadi walipogeuka ukutani mara ya mwisho. Mimi ni mtu wa Lamu. Utotoni tulikuwa tukichupa gatini tukishindana nani atakaa chini zaidi, najua kifua kinavyowaka. Kwa hiyo nilitazama chini ya maji. Sheria inawaruhusu kwenda mita 15 huko baada ya kujisukuma ukutani, lakini wengi wakishachoka huibuka mapema kutafuta hewa. Marchand hakuibuka. Alibaki chini, miguu imebanana kama mkia wa pomboo, akipiga, akipiga, na kichwa chake kilipotokea, Milák alikuwa hana tena nafasi ya kupumua. Bibi alinikamata mkono, kucha zikaniingia. 1:51.21, rekodi ya Olimpiki!

Nikadhani sasa atakubali kulala. Wapi! Akaanza kunisimulia habari za Alfred Nakache, Myahudi mzaliwa wa Algeria aliyeogelea klabu hiyohiyo ya Marchand, Dauphins. Januari 1944 alipelekwa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, mkewe na binti yao mdogo wakauawa huko. Yeye alirudi, akaingia tena majini, akafika Olimpiki ya London 1948. Enzi hizo kipepeo na chura vilikuwa bado shindano moja. "Nilimwona," bibi akasema, na mikono yake miwili ikainuka polepole kutoka kwenye blanketi, ikafunguka, ikashuka.

Fainali ya chura Marchand aliishika tangu mwanzo. Kila akiinua kichwa kuvuta pumzi, uwanja mzima ulipiga ukelele mmoja, "He!", kichwa kikizama kimya, kikitoka "He!", na bibi pamoja nao, sauti imemkauka. 2:05.85. Rekodi nyingine ya Olimpiki. Kabla yake hakuna muogeleaji aliyewahi kushinda mitindo hiyo miwili katika Olimpiki moja. Nililia, sioni haya kusema.

Nikiwa namfunika bibi shuka, simu ikatetemeka. Mdogo wangu, Lamu, kwao inakaribia saa sita usiku, sauti yake na upepo wa bahari nyuma: "Kaka, umeona alivyokaa chini?"

Nikamjibu kwa kunong'ona, nimeona.