Galveston hadi Cozumel na vijana watatu

Kutoka Houston hadi bandari ya Galveston ni mwendo wa saa moja na kitu, foleni ikikuhurumia. Tulikuwa tunakwenda mapumziko kwa meli ya kitalii: mimi, Baba Neema, Neema wetu wa miaka 14, mdogo wake Salim aliyetoka kutimiza 12, na Juma, mtoto wa dada yangu, wa miaka 15. Neema na Juma hawaachani. Shule moja, marafiki walewale, hata chaja wanagombea moja. Ratiba yote ya melini walikwisha kuipanga wao wawili, mpaka saa za kwenda kula pitsa usiku.

Mipango hiyo ilivunjika kwenye meza ya kuandikisha vijana. Meli yetu ina klabu mbili za vijana: ya miaka 12 hadi 14, na ya 15 hadi 17. Neema alikuwa anatimiza 15 siku ambayo tungekuwa Cozumel, kisiwa cha Mexico, nami nikadhani hilo ni jambo la kuzungumza likaisha. Kijana aliyekuwa pale mezani alinisikia nikimwita Baba Neema, akacheka, akaniamkia. Mtu wa Mombasa.

"Mama, hapa twahesabu umri wa siku ya kupanda meli," akasema. "Akitimiza hata kesho, kwetu sisi ana kumi na nne mpaka ashuke."

"Zimebaki siku chache tu, mwanangu."

"Nikimpitisha huyu, jioni nitakuwa na foleni ya wazazi hapa, kila mmoja na wake wa siku chache."

Sikuwa na la kujibu. Ukweli ni kwamba mstari lazima upite mahali, na kila kampuni ya meli inauchora inavyoona. Disney wana klabu ya 11 hadi 14 na nyingine ya 14 hadi 17, kwa hiyo mwenye 14 anachagua mwenyewe. MSC wanakata kama meli yetu. Norwegian wanawaweka wote pamoja, 13 hadi 17. Mzazi mwenye mtoto wa 14 aangalie hilo kabla hajalipa, maana akishapanda hakuna wa kumbembeleza.

Neema alinuna. Usiku wa kwanza hakwenda popote, na huo ndio usiku ambao vijana wanajuana. Kesho yake makundi yameshaundwa. Siku ya pili ilikuwa ya bahari tupu, Ghuba ya Mexico pande zote, akachoka kutazama maji akaenda klabuni. Hapo ndipo Salim naye akapata msiba wake, kwa sababu 12 na 14 ni klabu moja. Alinifuata kwenye foleni ya chakula akaninong'oneza, "Mama, mwambie asiseme yeye ni dada yangu."

Lakini aliyeninyima usingizi ni Salim mwenyewe. Wazazi wengi niliozungumza nao melini walikuwa wakilalamikia mpaka wa 14 na 15. Mimi nauona wa 11 na 12 ndio mzito. Mwenye 11 yuko klabu ya watoto: unampeleka, unatia saini, na hatoki bila ruhusa yako. Akifika 12 mambo yamegeuka. Anaingia na kutoka apendavyo, na hakuna atakayekupigia simu kwamba saa nne hii ya usiku mwanao kaondoka. Ile si sehemu ya kulelea tena, ni kijiwe chenye wasimamizi. Na nje ya mlango wake kuna meli ya maelfu ya watu, sitaha zaidi ya kumi na lifti zisizolala.

Tukaweka sheria zetu. Haingii kabini ya mtu yeyote, hata rafiki, hata kwa dakika moja. Chakula cha jioni tunakula wote. Saa tano usiku yuko kitandani, ingawa wakubwa wanaruhusiwa mpaka saa saba. Kuta za kabini ni za chuma, kwa hiyo tulibeba sumaku za friji tukabandika karatasi: kila anayetoka anaandika anakokwenda. Salim aliandika "mpira" karibu kila mara, na nilipopanda uwanjani kuchungulia, nikiwa nimejificha nyuma ya miwani ya jua, kweli alikuwa anacheza kikapu.

Progreso, mji wa bandari wa Mexico, sina mengi ya kusimulia. Bahari pale ni ya kina kifupi, ndiyo maana gati lake limeingia majini kama kilomita sita na nusu, na abiria wanapelekwa mjini kwa basi. Juma alilala siku nzima.

Cozumel ndiyo ilikuwa siku ya Neema. Tuliingia kula samaki kwenye mgahawa karibu na pwani, na mama aliyetuhudumia aliposikia binti ametimiza 15 alipiga makofi akawaita wenzake wa jikoni. Mexico msichana akifika umri huo hufanyiwa sherehe kubwa, quinceañera, ya gauni na dansi na ukoo mzima. Waliimba, wakamletea keki yenye mshumaa, wakamwita mwanamke. Jioni tukarudi melini, akapitisha kadi yake getini, akaenda kucheza karaoke na watoto wa miaka 12.

Sasa nyumbani kuna mjadala. Neema na Juma wanataka safari ijayo iwe na Norwegian, wasitenganishwe tena, ingawa Neema sasa ana 15 na hata kwenye meli ileile wangekuwa klabu moja. Salim atakuwa 13, naye ataingia humohumo. Baba Neema anasema mtoto wa 13 na kijana wa 17 mwenye ndevu hawana la kufanya pamoja saa tano ya usiku. Juma amemjibu kwamba yeye atakuwapo kumwangalia. Baba Neema akauliza, na wewe nani atakuangalia?